Kodi ya nyumba Texas: maswali ya wazee, wenye ulemavu na maveterani

Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato. Kisichokatwa kwenye mshahara hutafutwa kwenye nyumba, na ndiyo maana bili ya kodi ya mali inayokuja kila Oktoba au Novemba huwakosesha wazee wetu usingizi, hata wale waliokwisha kumaliza mkopo wa benki. Sheria imewawekea nafuu kubwa. Lakini mara nyingi nafuu hiyo haiji mpaka mwenye nyumba aiombe, na wengi wa watu wetu wa Houston, Fort Worth, Dallas, Austin na Abilene hawajaiomba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wazee kujaza fomu hizi baada ya ibada. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara.

Nani anastahili?

Kwanza, uwe na nyumba kwa jina lako na uwe unaishi humo kama makazi yako makuu. Hilo peke yake linakupa punguzo la kawaida, hata ukiwa na miaka 30. Juu yake kuna nafuu za ziada: kwa aliyefikisha miaka 65, kwa mtu mwenye ulemavu, na kwa mwanajeshi wa zamani aliyepewa na VA, idara ya serikali kuu inayohudumia maveterani, asilimia ya ulemavu uliotokana na utumishi wake. Kipato hakiulizwi. Mzee mwenye pensheni nono na mzee anayesaidiwa na wanawe wote wanastahili.

Nafuu yenyewe ni kiasi gani?

Bili yako ni ya mamlaka kadhaa kwa pamoja: wilaya ya shule, kaunti, mji, pengine hospitali na chuo. Kodi ya shule ndiyo kubwa, na huko ndiko nafuu ilikolala.

Tangu kura ya Novemba 2025, kila mwenye nyumba anayeishi humo anaondolewa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule. Mwenye miaka 65 au mwenye ulemavu anaondolewa dola 60,000 nyingine, jumla 200,000. Chukua nyumba iliyothaminiwa kwa dola 260,000, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba shule inatoza dola 1 kwa kila dola 100. Asiyeomba chochote atalipa 2,600. Aliyeomba punguzo la kawaida atalipa 1,200. Mzee aliyeomba yote mawili atalipa 600. Nyumba ni ile ile na mtaa ni ule ule. Tofauti ni karatasi.

Kaunti na miji ina mapunguzo yake, na hayafanani. Usimwamini mtu wa Dallas anayekueleza ya Houston. Fungua ukurasa wa nyumba yako kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini (appraisal district) ya kaunti yako, uone kila mamlaka inakupa nini.

Jirani yangu mzee anasema kodi yake ya shule haipandi. Inawezekanaje?

Anasema kweli. Ukishapewa nafuu ya miaka 65 au ya ulemavu, kodi yako ya shule inawekewa dari. Bei za nyumba mtaani zikipanda, kiwango cha kodi kikipanda, wewe hulipi zaidi ya dari hiyo. Inaweza kushuka chini yake, lakini kupanda hapana. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha thamani kuliko vyote, kwa sababu faida yake inakua kila mwaka unaokaa katika nyumba hiyo. Baadhi ya kaunti na miji nayo imekubali kuweka dari kama hiyo.

Dari hupanda ukiongeza jengo: chumba kipya, banda la gari, kibanda cha mama mkwe nyuma ya nyumba. Kubadilisha paa lililovuja au kupaka rangi ni ukarabati, na hakuigusi dari.

Nyumba ni ya mwanangu, lakini mzee anayeishi humo ni mimi. Nitapata?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, kwa sababu jibu lake ni hapana, na kwetu karibu kila familia iko hivyo. Kijana ana kazi na historia ya mikopo, ananunua nyumba, anamleta mama. Mama ndiye anayepika humo, ndiye anayelea wajukuu, majirani wote wanaiita nyumba ya mama. Lakini hati inasoma jina la kijana, na nafuu ya umri humfuata mwenye hati anayeishi humo. Kijana atapata punguzo lake la kawaida. Umri wa mama hauhesabiwi.

Watu huniuliza hapo hapo: basi tumwandike mama kwenye hati? Tulieni kwanza. Mama akimiliki nusu na mwana nusu, punguzo la kila mmoja huweza kukokotolewa kulingana na sehemu anayomiliki, kwa hiyo hesabu haitoki kama mlivyotarajia. Mkopo ukiwa bado upo, benki nayo ina masharti yake. Na mama akifariki, sehemu yake inaingia kwenye mirathi, pamoja na ndugu ambao hawakuchangia hata senti. Muoneni mwanasheria wa mali kabla ya kugusa hati. Nimeona familia moja iliyobadilisha hati mezani kwa karatasi waliyoitoa mtandaoni. Walihangaika miaka miwili kuinyoosha.

Kwa mume na mke mambo ni mepesi: mmoja wenu akifikisha 65, nyumba inapata nafuu hata kama mwenzake ana miaka 50.

Fomu ni ipi, naipeleka wapi, na inalipiwa?

Hailipiwi. Narudia, hailipiwi. Baada ya kununua nyumba utapokea barua zenye muhuri unaofanana na wa serikali, zikikuomba ada ili «wakuwekee» msamaha wako. Zitupe.

Fomu ya makazi, umri na ulemavu ni namba 50-114. Ya maveterani wenye ulemavu ni 50-135, ila veterani wa asilimia 100 huomba msamaha wake kwa 50-114 hiyo hiyo. Zinapelekwa kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti ilipo nyumba: HCAD kwa Houston na Harris yote, DCAD kwa Dallas, TAD kwa Fort Worth na Tarrant. Sio ofisi inayopokea malipo ya kodi, ingawa watu huchanganya hizo mbili na kurudi nyumbani wamevunjika moyo. Kaunti kubwa zinapokea maombi kwa njia ya mtandao pia. Ukipeleka kwa posta, piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha.

Siku ya mwisho ni Aprili 30. Ukifikisha miaka 65 katikati ya mwaka, nafuu inahesabiwa kwa mwaka mzima, hata kama siku yako ya kuzaliwa ni Desemba. Na kama uliomba punguzo la kawaida zamani na tarehe yako ya kuzaliwa iko kwenye kumbukumbu zao, sheria inawataka wakuwekee nafuu ya umri bila wewe kuomba tena. Hata hivyo ingia kwenye tovuti uhakikishe. Tarehe inaweza kuwa haikuandikwa kabisa.

Leseni yangu bado ina anwani ya zamani.

Badilisha leseni kwanza. Anwani iliyo kwenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo cha Texas inatakiwa ilingane na anwani ya nyumba unayoiombea, na hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapokwama. Mzee asiyeendesha gari anadhani hahitaji kitambulisho kipya. Anacho kile alichopata kwenye fleti ya kwanza alipofika nchini. Mpelekeni akabadilishe, kisha mjaze fomu. Jina nalo liangaliwe. Hati ikisoma Mariamu na kitambulisho kikisoma Mariam, ambatisha maelezo mafupi kabla hawajakuuliza.

Karatasi zangu zote zinasema nilizaliwa Januari 1, na si kweli.

Wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Dadaab wana tarehe hiyo, kwa sababu afisa aliyeandikisha alijua mwaka tu. Usihangaike. Ofisi itaangalia kilichoandikwa kwenye kitambulisho chako, na kinachohitajika ni mwaka unaotimiza miaka 65. Usiandike kwenye fomu tarehe tofauti na ya kitambulisho, hata kama unaijua ile ya kweli. Kusahihisha mwaka wa kuzaliwa ni safari nyingine, na ina ofisi zake.

Mimi si raia, nina grinikadi tu.

Unaweza kuomba. Kinachoulizwa ni umiliki, makazi na kitambulisho cha Texas.

Nina miaka 71 na sijawahi kuomba. Nimepoteza kila kitu?

Si kila kitu. Ombi lililochelewa hupokelewa mpaka miaka 2 baada ya siku ambayo kodi ya mwaka husika ilianza kuhesabiwa kuwa deni lililochelewa. Kodi ya 2025 ilichelewa tangu Februari 1, 2026, kwa hiyo mwaka huo unaweza kuuombea hadi mwishoni mwa Januari 2028. Weka alama kwenye fomu kwamba unaomba na miaka ya nyuma, na uitaje. Ulichozidisha kulipa kinarudishwa.

Nakumbuka nilipoketi jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa na bili zake zote kwenye mfuko wa Rambo, kila bili imekunjwa na risiti yake. Alikuwa amelipa kwa wakati, mwaka baada ya mwaka, bila punguzo hata moja. Miaka miwili tuliirudisha. Ile ya kabla yake sheria haikuturuhusu, na mama alinyoosha zile bili kwa kiganja, akazirudisha mfukoni moja moja. Ndiyo sababu nawasihi: kama una mzazi mwenye nyumba hapa, angalia wiki hii.

Ninapokea malipo ya ulemavu, na nimefikisha 66. Nitapata nafuu zote mbili?

Ile ya umri na ile ya ulemavu huzipati pamoja kwa mamlaka moja, unachagua moja. Kwa shule hazitofautiani kiasi, kwa hiyo aliyekuwa na nafuu ya ulemavu hapotezi anapofikia 65.

Kwa walio chini ya 65, ulemavu unapimwa kwa tafsiri ya Social Security, shirika la serikali kuu linalolipa mafao ya uzeeni na ya ulemavu: hali inayokuzuia kufanya kazi ya kukuingizia kipato. Barua yao ya kukubaliwa malipo (award letter) ndiyo ushahidi ulio rahisi. Kama hukuwahi kuomba malipo hayo, uliza ofisi yako kama inapokea fomu iliyojazwa na daktari, maana baadhi hupokea. Bango la kuegesha gari la walemavu halitoshi.

Nilitumikia jeshi la Marekani. Napata nini?

Hapa tuna watu wengi kuliko tunavyodhani. Vijana wa Kenya na kwingineko waliingia jeshini kwa grinikadi, na wengine kwa MAVNI, mpango wa jeshi wa kuandikisha wageni wenye ujuzi uliohitajika, ambamo Kiswahili kilikuwa kimojawapo cha lugha zilizotafutwa. Wengi wametoka wakiwa na goti, mgongo au masikio yaliyoharibika, na VA imewapa asilimia.

Asilimia 10 hadi 29 inaondoa dola 5,000 kwenye thamani. Kuanzia 30 hadi 49 ni 7,500. Kuanzia 50 hadi 69 ni 10,000. Kuanzia 70 ni 12,000. Veterani mwenye miaka 65 na angalau asilimia 10 anapata 12,000 moja kwa moja. Hizi zinaongezwa juu ya punguzo la makazi.

Lakini mwenye asilimia 100, au anayelipwa kwa kiwango cha asilimia 100 kwa sababu VA imeamua kwamba hawezi kuajiriwa, halipi kodi ya mali kwa nyumba anayoishi. Si ya shule, si ya kaunti, si ya mji. Texas iliweka hilo mwaka 2009. Haijalishi nyumba ni ya dola 200,000 au 700,000. Kinachobaki ni bima na ada za chama cha wakazi, kama mtaa wako unacho.

Kuwa mwanajeshi wa zamani peke yake hakutoshi. Lazima asilimia ya VA iwepo. Nimekutana na vijana walioondoka jeshini wakiwa na maumivu na hawakuwahi kufungua dai, kwa sababu kwetu askari halalamiki. Nakuelewa. Lakini kama uliumia kazini, dai ni haki yako, na nyumba ya watoto wako inaitegemea. Ofisa wa huduma kwa maveterani wa kaunti hukusaidia bure kuandaa dai.

Ushahidi ni barua ya muhtasari wa mafao kutoka VA, ile inayotaja asilimia, na unaipakua ukiingia kwenye akaunti yako ya VA.gov. Kwa maombi yaliyochelewa, maveterani wana muda mrefu zaidi: miaka 5. Hilo lina maana kubwa kwako kama VA ilikaa na rufaa yako kwa miaka kisha ikakupa asilimia 100 kuanzia tarehe ya nyuma.

Mume wangu amefariki. Nafuu inakwisha?

Pole sana, mama. Inategemea. Kama marehemu alikuwa na dari ya miaka 65 na wewe ulikuwa na angalau miaka 55 alipofariki, na unaendelea kuishi humo, dari inabaki kwako. Kama alikuwa veterani wa asilimia 100, msamaha wote unabaki kwako mradi hujaolewa tena, na ukihamia nyumba nyingine Texas unaweza kuhama na kiasi kile cha dola. Wajane na wagane wa wanajeshi waliofariki wakiwa kazini wana msamaha wao pia. Vyote hivyo vinaombwa. Havihami vyenyewe kutoka jina hadi jina.

Kama hati bado ina jina la mzazi aliyefariki na wewe mtoto unaishi humo, kuna njia ya warithi iliyowekwa mwaka 2019: hati ya kiapo 50-114-A, cheti cha kifo, na bili moja ya huduma yenye jina lako. Ndugu wengine wanaoishi humo watatakiwa kutoa kiapo pia. Huhitaji kungoja mirathi iishe mahakamani.

Nataka kwenda nyumbani miezi minane. Nitapoteza msamaha?

Hapana, mradi utokapo una nia ya kurudi, hukai zaidi ya miaka 2, na huko hujafanya makazi mapya. Kuwa na nyumba Moshi au Nakuru si kosa. Kosa ni kuipangisha nyumba nzima ya Texas, kuhamia kwingine, na kuendelea kula punguzo. Mzee aliyelazwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa au wazee anabaki na msamaha wake hata ikipita miaka miwili.

Waachie watoto ruhusa ya kufungua barua zako. Utaona sababu hapo chini.

Benki ndiyo inayolipa kodi yangu. Nafuu itanifikiaje?

Benki inakusanya kodi na bima ndani ya malipo ya kila mwezi. Bili ikishuka, tuma nakala ya bili mpya kwa benki na uombe wakokotoe upya. Usipoomba, mara nyingi watasubiri mapitio yao ya mwaka.

Hata kilichobaki siwezi kukilipa kwa mpigo.

Mwenye 65, mwenye ulemavu na veterani mwenye ulemavu wanaweza kulipa kwa mafungu 4 sawa bila riba wala faini: kabla ya Februari 1, Aprili 1, Juni 1 na Agosti 1. Fungu la kwanza uambatanishe na taarifa kwamba unalipa kwa mafungu. Hapa ofisi inayohusika ni ile inayopokea kodi.

Kuna pia kuahirisha, kwa fomu 50-126. Ukiwasilisha kiapo hicho, hakuna atakayekushtaki wala kuiuza nyumba kwa ajili ya kodi maadamu unaimiliki na unaishi humo. Lakini kodi haifutwi. Inajilimbikiza kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na mwenye nyumba akifariki au akihama, siku 180 zikipita deni lote linadaiwa. Kodi ya dola 3,000 kwa mwaka ikiahirishwa miaka 10 ni dola 30,000 kabla ya riba. Mkopo wa benki ukiwepo, benki inaweza kulipa kodi hiyo na kukudai wewe. Ni kinga ya kweli kwa mzee anayekaribia kufukuzwa kwake, na kwa huyo ningeijaza leo hii. Kwa mwingine, waite wanao mezani kwanza, wajue deni linalowasubiri.

Nikihamia nyumba ndogo, dari inafanyaje?

Unahama nayo kwa uwiano, ndani ya Texas. Kama dari ilikufanya ulipe dola 500 ambapo bila dari ungelipa 2,000, basi kwenye nyumba mpya nako utaanzia robo ya kodi ya shule. Omba cheti cha dari kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti unayotoka, ukipeleke kwenye ofisi ya kaunti unayohamia.

Nimepata barua inayonitaka nijaze upya. Je, wameninyima?

Bado. Tangu sheria ya 2023, ofisi za uthamini zinatakiwa kukagua kila msamaha wa makazi angalau mara moja katika miaka 5. Wanakutumia barua wahakikishe bado uko humo. Asiyejibu anaondolewa msamaha, na dari yake inaondoka nayo. Wazee wetu huziweka barua hizi kwenye droo pamoja na matangazo ya pitsa, wakingoja mtoto aje kuzisoma Jumapili. Bahasha yoyote yenye jina la ofisi ya uthamini isomwe siku hiyo hiyo.

Kama kweli wamekukatalia, barua itaeleza sababu. Una siku 30 za kupinga mbele ya bodi ya mapitio ya kaunti, na kupinga nako hakulipiwi. Mara nyingi sababu ni nakala ya kitambulisho iliyokosekana au anwani isiyolingana, na ukiipeleka nakala sahihi jambo linaisha dirishani. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili siku ya kusikilizwa, waandikie mapema, au nenda na mtu wako anayekielewa Kiingereza cha mambo haya. Beba hati, kitambulisho, barua ya Social Security au VA, na zile picha ulizopiga kabla ya kufunga bahasha.